Sauti ya simu ya intaneti ikiharibika ukiwa nje ya nchi, sikiliza kwanza imeharibikaje

Baba alipopelekwa Chennai kutibiwa moyo mimi ndo nilienda naye, tukakaa wiki tano, na kila siku saa mbili usiku ya kwetu Newala, kusini mwa Tanzania, ambayo kule India ni saa nne na nusu maana wako mbele yetu masaa mawili na nusu, mama anakaa na wadogo zangu na majirani kusubiri tupige. Siku nne za kwanza hatukuelewana kitu. Mama anasema "mwanangu, mbona unaongea kama uko ndani ya mtungi", mimi kila nikitamka neno nasikia sauti yangu mwenyewe inanirudia, baba kitandani anauliza mama yenu kasema nini na mimi sina cha kumjibu. Nikabadilisha laini, nikanunua bando lingine, nikahama waifai ya hospitali nikaenda kutumia ya gesti, nikafuta WhatsApp nikaiweka upya, hela inaenda na tatizo liko palepale. Siku ya tano mdogo wangu akanitumia picha ya mezani nyumbani, ndo nikaona simu ya mama imesimamishwa ndani ya bakuli la bati, lausipika imefunguliwa mpaka mwisho, ili wote waliokaa pale wasikie hali ya baba. Nikamwambia itoeni humo, ilazeni juu ya khanga iliyokunjwa. Mwangwi ukaisha saa ileile.

Kwa hiyo nikasema niandike hili vizuri, maana watu wetu wa kusini wanasafiri sana siku hizi, wengine Muscat, wengine Dubai, wengine Guangzhou kufuata mzigo, wengine Makka, na wengi zaidi wanavuka Ruvuma tu hapo kwenda Palma, Mueda na Pemba ya Msumbiji, na nikiongea nao kila mmoja ananiambia "mtandao wa huku mbovu" basi, anaishia hapo. Mtandao mbovu sio jibu. Simu ya intaneti inapita sehemu nne: simu yako, mtandao wa hapo ulipo, njia ndefu ya katikati, alafu mtandao na simu ya huyo unayempigia. Kila sehemu ikiumwa inatoa sauti yake, na ukiijua hiyo sauti huhitaji kubahatisha wala kununua kitu.

Kuna vipimo viwili vya bure uvifanye kabla ya kugusa chochote. Cha kwanza, rekodi ujumbe wa sauti umtumie huyo mtu, na yeye akurekodie akutumie. Ujumbe wa sauti unarekodiwa ndani ya simu kwanza ndo unatumwa, kwa hiyo mtandao hauwezi kuuharibu, unaweza kuuchelewesha tu. Kama ujumbe wenyewe una mkwaruzo au sauti iko mbali basi shida ni maiki ya simu iliyorekodi, na kama ujumbe ni safi kabisa lakini mkipigiana sauti mbovu, shida ni mtandao au namna simu ilivyowekwa. Cha pili, mpigie mtu wa tatu aliye sehemu nyingine, mfano mimi nilikuwa nampigia binamu yangu Dar. Dar ikiwa safi na Newala ikiwa mbovu, usihangaike na laini yako ya huko uliko, kosa liko Newala. Kote kukiwa kubovu, kosa liko kwako. Nikumbuke tu kusema fanya badiliko moja kwa wakati, ukibadilisha laini na eafoni na chumba kwa pamoja ikapona hutajua kilichoiponya, na kesho ikirudi unaanza upya.

Ukisikia sauti yako mwenyewe inarudi

Hii watu wengi wanaielewa kinyume. Anayesikia mwangwi sio mwenye kosa, kosa liko kwa mwenzake. Sauti yako inatokea kwenye spika ya simu yake, inagonga ukuta au meza au hilo bakuli, inaingia kwenye maiki yake na kurudi kwako. Simu zina namna ya kuufuta huo mwangwi zenyewe lakini spika ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho kwenye chumba kitupu cha sakafu ya saruji na paa la bati zinashindwa. Mwambie apunguze sauti ya spika, aisogeze mbali na ukuta, ailaze juu ya kitu laini kama kitambaa au godoro, au bora zaidi aweke eafoni za waya. Na usimwambie mama "zima lausipika" kama kuna watu watano wanataka kusikia, mwambie aipunguze tu na watu wasogee, inatosha.

Sauti ya roboti, maneno yanamezwa, nusu ya sentensi haifiki

Hii ndo malalamiko makubwa kuliko yote. Ukiongea kwenye intaneti sauti yako inakatwa vipande vidogo vidogo, kawaida kipande kimoja kinabeba kama milisekunde 20 hivi za maongezi, na kila kipande kinasafiri peke yake. Fikiria magari ya korosho yanatoka Masasi kuja bandarini Mtwara msimu umepamba moto. Barabara inaweza kuwa nzuri tu, lakini moja likiwahi, matatu yakachelewa, moja likaharibikia njiani, makuli wanakaa bure alafu magari yanafika yote kwa mpigo. Simu inafanya hivohivo, vipande vikija kwa mpangilio mbovu inasubiri kidogo, ikishindwa inavitupa na kujaribu kuziba pengo, na hilo pengo lililozibwa ndo unalisikia kama roboti.

Ndo maana spidi kubwa haisaidii kama watu wanavodhani. Simu ya sauti tupu inahitaji chini ya kbps 100, haifiki hata MB 1 kwa dakika mara nyingi. Mtu ana waifai ya Mbps 30 hotelini na sauti inakatika, anashangaa, lakini kinachotakiwa sio upana, ni utulivu. Tafuta programu yoyote ya kupima pingi, yaani muda wa kipande kwenda na kurudi, iache ipige mara 50 alafu angalia mambo matatu. Vipande vinavyopotea visizidi asilimia 1. Kuyumba, yaani tofauti kati ya pingi moja na inayofuata, kusizidi milisekunde 30. Na kwenda na kurudi kusizidi milisekunde 300, kwa sababu kipimo cha kimataifa cha ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kinasema safari ya upande mmoja ikipita milisekunde 150 watu wanaanza kusumbuka kuongea, na ikifika 400 haifai tena.

Pale gesti Chennai pingi yangu mchana ilikuwa inacheza 20 mpaka 40, safi. Usiku ileile waifai inaruka mpaka 900, inashuka, inaruka tena. Nikaja kugundua jamaa chumba cha pili kila usiku alikuwa anapandisha video kwao, na mtu mmoja akipandisha mzigo mkubwa ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, inapanga foleni na vipande vyako vidogo vya sauti vinakaa nyuma ya mzigo wake. Na mara nyingi anayepandisha ni wewe mwenyewe bila kujua, simu ikikamata waifai tu inaanza kutuma picha zote za siku kwenye hifadhi ya Google au iCloud, WhatsApp nayo inafanya nakala yake ya usiku, programu zinajiapudeti. Zima hivo vyote kabla ya kupiga. Hii peke yake imenisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Baada ya hapo angalia umbali na ruta. Waifai ya gigahezi 2.4 inafika mbali na kupita kuta lakini kila mtu yuko humo, jirani, maikrowevu, hata eafoni zako za Bluetooth zinatumia masafa hayohayo. Kama hoteli ina jina la waifai lenye 5G mwishoni, hiyo ni ya gigahezi 5, sio mtandao wa 5G wa simu, tumia hiyo ukiwa karibu na ruta. Ukiwa mbali toka nje ya chumba ukakae kwenye korido iliko ruta, mimi nimeongea na mama nikiwa nimekaa kwenye ngazi wiki nzima na sauti ilikuwa nzuri kuliko kitandani. Kama waifai imekataa kabisa izime kabisa, usiiache imewaka, maana simu inang'ang'ania ule mnara mmoja wa waifai hata kama data ya laini ni nzuri mara kumi.

Upande wa nyumbani nako usisahau. Jioni saa moja mpaka saa nne mnara wa kijijini unabeba kijiji kizima, na 4G ikiwa inapanda na kushuka mwambie aliye nyumbani aingie setingi achague 3G tu ajaribu, sometimes 3G iliyotulia inashinda 4G inayoyumbayumba. Akiweza asogee dirishani au atoke uwanjani. Na ukiona siku umeme umekatika muda mrefu sauti inaharibika taratibu mpaka inapotea, mnara unakula betri, hapo subiri tu au mpangane asubuhi, hakuna setingi itakayosaidia.

Mnagongana, wote mnaongea, alafu wote mnanyamaza

Sauti safi lakini inachelewa. Hapa vipande havipotei, vinasafiri mbali. Mwanga ndani ya waya wa faiba unaenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 ni milisekunde 50 tu, umbali wenyewe sio tatizo kubwa. Tatizo ni njia ya kuzunguka. Ukitumia laini ya Tanzania kwa romingi, yaani ikiazima minara ya kampuni ya nchi nyingine, data yako kwa kawaida inarudi kwanza Tanzania kwenye kampuni yako ndo inatokea intaneti. Ukimpigia mama Newala haikuumizi sana, lakini ukimpigia mwenzako aliye hospitali ileile ghorofa ya chini sauti inaenda Tanzania na kurudi. Baadhi ya eSIM za wasafiri, zile laini zisizo na kadi, nazo ziko hivo, umenunua ya India lakini data inatokea Singapore au Ulaya. Kuijua ni rahisi, fungua ukurasa wowote unaoonyesha anwani yako ya IP, ile namba inayokutambulisha kwenye intaneti, iko nchi gani. Ikionyesha nchi ya tatu na mnagongana kila sentensi, laini ya pale pale nchini ndo dawa, andaa pasipoti na picha. Ukibadilisha laini WhatsApp itakuuliza kama unataka kubadili namba, kataa, baki na namba yako ya nyumbani, na ile laini ya nyumbani itunze vizuri maana siku programu ikitaka kukuhakiki upya meseji itakuja huko.

Vitu vingine viwili vinavyochelewesha. VPN, ile programu inayopitisha data yako kwanza kwenye kompyuta ya mbali, ukiwa nayo izime ujaribu. Na ndani ya WhatsApp, faragha, sehemu iliyoandikwa Advanced, kuna setingi ya kulinda anwani ya IP unapopiga simu, ililetwa mwaka 2023, ukiiwasha simu yako haiendi moja kwa moja kwa mwenzako, inapitia kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za WhatsApp. Ni nzuri kama unaongea na watu usiowajua, ila kwa mama yako huihitaji. Ukikuta uko mahali pa intaneti ya setilaiti za zamani, zile zilizo juu karibu kilomita 36,000, kupanda na kushuka tu ni karibu robo sekunde upande mmoja, hapo jizoesheni kumaliza sentensi na kusema "haya" ndo mwingine aanze. Setilaiti za chini kama Starlink, kilomita 550 hivi, hazina shida hiyo.

Upande mmoja unasikia, mwingine hausikii

Kwanza angalia kama simu haijaunganika na eafoni za Bluetooth zilizoko kwenye begi au spika ya chumbani, nimeona mtu anaongea dakika tatu na maiki iko kabatini. Alafu ruhusa ya maiki kwenye programu. Alafu kitundu chenyewe cha maiki, hapo chini karibu na sehemu ya chaji, vumbi na uchafu wa mfukoni unakijaza, na kava nyingi za kununua mtaani zinakifunika nusu. Toa kava upige, kama imepona umeshajua. Safisha kwa brashi laini kavu, mswaki mpya unafaa, usiingize sindano utatoboa kilichomo. Kama vyote viko sawa na inatokea kwenye waifai ya hospitali au hoteli tu lakini kwenye data hapana, basi ile waifai inazuia, zungumza na mapokezi au tumia data, huna ugomvi na simu yako.

Inakatika ghafla, au mama anasema "mbona hukupiga" na wewe umepiga mara tano

Inayokatika ukiwa unatembea ni simu kuhama kutoka waifai kwenda data au mnara kwenda mnara, kaa sehemu moja. Waifai za hospitali na viwanja vya ndege zinakutoa kila baada ya muda na kutaka uingie tena, na India nyingi zinataka namba ya simu ipokee meseji, laini ya nje wakati mwingine haiipokei. Isiyoita upande wa pili mara nyingi ni simu ya nyumbani imewekwa kuokoa betri, simu nyingi za bei nafuu zinazotumika kwetu zinaua programu zote skrini ikizimika. Ingia setingi ya betri, tafuta WhatsApp, ondoa kizuizi.

Mpakani kuna jambo lake

Kwa wale wa Kilambo, Mahurunga, Kitaya mpaka Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, simu inaweza kukamata mnara wa Msumbiji ukiwa bado upande wetu, na salio linaisha kwa romingi. Dalili unaiona bila kufungua kitu: saa ya simu inarudi nyuma saa moja, kwa sababu Msumbiji wako nyuma yetu saa moja na simu inachukua saa ya mnara. Saa ikiruka na sauti ikaanza kukatika ujue simu inahangaika kati ya minara miwili. Zima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, chagua kampuni yako kwa mkono, na uzime romingi ya data. Ukishavuka kweli fanya kinyume chake, nunua laini ya kule, Vodacom, Movitel au Tmcel, maana ishara ya kwetu unayoikamata ukiwa Namoto ni ya kuibia tu, inakuja ikienda.

Haiungi kabisa wakati meseji zinaenda vizuri

Hapo sio hitilafu, ni sheria ya nchi. Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimezuiwa, meseji na ujumbe wa sauti zinapita, na watu wa Dubai wanatumia programu zilizoruhusiwa kama Botim, aliye nyumbani naye aiweke. Usikimbilie VPN kule, sheria yao ina faini inayoanzia dirham 500,000 kwa anayeitumia kufanya au kuficha kosa, na hiyo sio hela ya kubahatisha nayo. China WhatsApp haifanyi kazi kwenye mitandao ya kawaida ya kule, wafanyabiashara wa Guangzhou wanatumia WeChat, ifungue ukiwa bado Tanzania kwa sababu kujisajili kunahitaji wakati mwingine mtu mwenye akaunti akuthibitishe. Hapa nyumbani pia TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, mwaka 2023 walitoa tangazo kwamba wanaotumia VPN waisajili.

Na kuna siku kosa sio la mtu yeyote. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kwenye njia ya kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na intaneti ya Tanzania ikadorora nchi nzima. Siku kama hiyo ukiona watu wa Dar, Arusha na Mtwara wote wanalia, acha kuchezea simu yako, piga simu ya kawaida dakika mbili useme mko salama, mengine tuma kwa maandishi.

Kabla ya safari

Sasa hivi kabla sijaondoka naanza na simu ya nyumbani, sio yangu. Naondoa kizuizi cha betri, nahakikisha WhatsApp imeapudetiwa, nazima ile setingi yake ya kutumia data kidogo wakati wa kupiga simu kwa sababu inabana sauti, ila kama bando ni dogo naiacha imewaka na kuwaambia tusipige video. Alafu natoka nje napiga kutoka mtaa mwingine na mama anapokea akiwa amekaa palepale atakapokuwa anakaa usiku, nasikia mwenyewe chumba kinasikikaje. Nyumbani Newala mdogo wangu ameandika kwenye karatasi na kubandika ukutani juu ya meza: spika nusu, simu juu ya khanga, mtoto atoke nje na redio, akisema hakusikii nenda dirishani. Mwezi wa pili baba aliporudishwa kwa uchunguzi mama aliongea naye dakika arobaini, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni sikuguswa hata kuulizwa mara moja.